Mbwa inabweka, kipanya kinajificha: lipi kosa?

SWALI: Ninaandika kwa Kiswahili muhtasari wa katuni za Tom and Jerry, paka Tom na panya Jerry, kwa ajili ya watoto. Mhariri amenirudishia sentensi nne akisema zote zina makosa: "Mbwa inambwekea Tom", "Jerry ni adui yake", "Kipanya kidogo kinajificha" na "Jerry alikanyaga mkia wa Tom". Je, ana haki?

JIBU: Ana haki katika moja, na nusu ya haki katika nyingine.

Kosa la wazi ni la kwanza. Paka, panya, mbwa na bata ni majina yasiyobadilika umbo katika umoja na wingi, lakini kwa kuwa ni viumbe hai hufuata upatanisho wa A-WA: mbwa anabweka, paka mweusi ananyata, panya hawa wametoroka. Mazungumzoni, hasa mijini Kenya, "mbwa yangu inabweka" ni jambo la kila siku. Katika maandishi ya watoto, irekebishe. Kuna pia sababu ya kiutendaji: jina halionyeshi idadi, hivyo kitenzi ndicho kinachoibeba. Butch, yule paka mweusi wa mtaani, akija na wenzake, "paka aliingia" na "paka waliingia" ni visa viwili tofauti. Kimilikishi hakikusaidii hapo, kwani "paka wake" ni mmoja au wengi. Malizia na kitenzi, "paka wake amelala" au "wamelala". Utasikia pia "mbuzi zangu", "ng'ombe zangu" kwa wingi, na si kosa. "Paka yangu" ndiyo isiyokubalika katika Kiswahili sanifu.

Ukiandika "Tom and Jerry inaanza saa kumi" uko sawa, maana unataja kipindi. Wakianza kupigana, wanapigana.

"Adui yake" iache ilivyo. Majina ya uhusiano kama rafiki, adui, jirani, baba na dada huchukua yake na zake, huku kitenzi kikibaki cha kiumbe hai: "adui yake amerudi". Wapo wanaoandika "adui wake", na sioni haja ya kugombana nao. Ila usilivute neno mtoto humo: Tyke ni mtoto wake Spike, yule mbwa mkubwa, kamwe si "mtoto yake".

"Kipanya kidogo kinajificha" pia ni sahihi. Ukishamdunisha mnyama kwa ki-, sentensi nzima huhamia KI-VI: Nibbles ni kile kipanya chenye nepi kinachokula bila kushiba. Ukimkuza, unahamia LI-YA: jibwa lile limekasirika, linaguruma. Mhariri huenda alichanganya na kifaru, kiboko na kinyonga, ambao hawakudunishwa. Ki- yao ni ya asili, na ndiyo maana kifaru anakimbia. Jina la mtu au mhusika nalo hurudi A-WA. Kipanya, mhusika wa vibonzo anayejulikana Tanzania, anasema. Kipanya cha abiria, yaani basi dogo, kimejaa.

Sasa mkia, na hapa ndipo ningekaa muda mrefu zaidi kama ningekuwa wewe. Filamu 114 ambazo William Hanna na Joseph Barbera walizitengeneza katika studio ya MGM kuanzia 1940 hadi 1958 hazina mazungumzo mengi. Kichekesho kiko katika maumivu, kwa hiyo vitenzi vyako ndivyo vitakavyochekesha au kupoozesha. "Jerry alikanyaga mkia wa Tom" haivunji sarufi, lakini ni kama mkia uko sakafuni na Tom yuko chumba cha pili. Kiswahili humtanguliza anayeumia, kiungo kikafuata bila "wa": Jerry alimkanyaga Tom mkia. Vivyo hivyo, alimng'ata kidole, alimng'oa meno, alimnyoa masharubu. Pigo likitua mahali, tumia -ni: alimgonga kichwani, si "aligonga kichwa chake". Katika kauli ya kutendwa ladha huzidi: Tom amebanwa mkia mlangoni. Linganisha na "mkia wa Tom umebanwa na mlango", inayofaa zaidi ripoti ya bima.

Muundo huo hauhitajiki pale mwenye kiungo hahisi lolote. "Jerry aliuona mkia wa Tom" inatosha, kwa kuwa kuona hakuumizi.

Angalia pia chombo na pigo. Chombo hutaka "kwa": alimpiga kwa kikaango, kwa ufagio. Pigo lenyewe halitaki: alimpiga teke, kofi, konzi, ngumi. "Alimpiga kwa teke" huzubaa. Na usiisahau -m- ya mtendwa hata jina likiwepo: Tom anamfukuza Jerry, si "anafukuza Jerry".

Kipande chako, basi, kingeweza kusomeka hivi: "Jerry alimkanyaga Tom mkia. Tom akaruka, akajigonga kichwa darini, akaanguka pu! juu ya Spike aliyekuwa amelala. Jibwa likafumbua jicho moja."