Maswali na majibu: Zanzibar, Unguja na Pemba

Barua za safari hii karibu zote zinahusu jina moja, kwa hiyo nazijibu pamoja.

Kati ya Zanzibar na Pemba, ipi kubwa?

Swali hili limeshajibiwa hapa mara nyingi, na bado linaletwa vilevile. Pemba imo ndani ya Zanzibar. Unachotaka kulinganisha ni Unguja na Pemba, na Unguja ndiyo kubwa. Tazama mikoa mitano ya Zanzibar: Kaskazini Unguja, Kusini Unguja, Mjini Magharibi, Kaskazini Pemba, Kusini Pemba. Msikilize Mpemba anayepanda boti pale Mkoani. Atakwambia anakwenda Unguja, kwa sababu Zanzibar tayari yuko. Wanaoniudhi zaidi ni watangazaji wanaosema "Zanzibar na Pemba" kwenye taarifa ya habari, watu wanaolipwa kwa kazi ya maneno. Kwa kauli hiyo wanamtoa Mpemba nje ya nchi yake, naye ana haki ya kukasirika.

Jina Zanzibar limetoka wapi?

Kwa wageni waliokuja na pepo za kaskazi. Waarabu na Waajemi waliwaita watu weusi wa upande huu Zanj, na "bar" kwa Kiajemi ni pwani. Hapo mwanzo, basi, lilikuwa jina la mwambao, si la kisiwa. Marco Polo, msafiri wa Venisi ambaye hakufika huku, aliandika kuwa ni kisiwa chenye mzunguko wa maili 2,000! Baadaye wachora ramani wa Ulaya wakaandika "Zanguebar" juu ya pwani ya bara. Jina lilipungua eneo kidogo kidogo hadi likabaki visiwani. Kwa hiyo ukikuta Zanj au Zanguebar kwenye maandishi ya kale, usikimbilie kusema ni Unguja. Huenda zinazotajwa ni Kilwa au Mombasa. Vipeperushi vya watalii vimejaa kosa hili, na waongoza watalii wetu wanalikariri.

Ni kweli jina hilo linatokana na tangawizi?

Hapana. Kwa Kiarabu tangawizi ni zanjabil, neno lenye asili ya Bara Hindi. Yanafanana kwa sauti tu.

Mzee mmoja ameniambia Unguja ni "ungo jaa", yaani ungo umejaa chakula. Je, ni sahihi?

Mheshimu mzee, lakini usiiandike kwenye insha yako. Al-Jahiz, mwandishi wa Kiarabu wa Basra, aliwataja watu wa Lanjuya, yaani Unguja kwa matamshi ya Waarabu, katika karne ya 9. Yaqut, mwanajiografia aliyefariki mwaka 1229, alieleza kwamba Lanjuya ni kisiwa kikubwa cha nchi ya Zanj, makao ya mfalme wao, ambako vyombo vilitia nanga, na kwamba wenyeji wake walihamia kisiwa kingine kiitwacho Tumbatu. Tumbatu ipo hadi leo, na jina lake halijabadilika. Nenda pia Unguja Ukuu, kusini mwa kisiwa, ambako wanaakiolojia wamefukua mji uliofanya biashara na ng'ambo zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Unguja ndilo jina la wenyeji wenyewe. Inasikitisha kuona vijana wa mjini wanalionea haya, kana kwamba Zanzibar ndiyo ya kisasa na Unguja ni ya shamba.

Wajerumani waliibadilisha Zanzibar kwa kisiwa cha Helgoland?

Hawakuwahi kuwa nayo. Katika mkataba wa Julai 1890 walikubali tu kwamba Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Uingereza, nao wakapewa Helgoland, kisiwa cha Bahari ya Kaskazini kilichokuwa cha Waingereza. Na "Sansibar" ni tahajia yao, tuwaachie.

Nimesoma kwamba Al-Qaida waliteka mji wa Zanzibar mwaka 2011. Mbona hatukuambiwa?

Huo ni Zinjibar, makao makuu ya mkoa wa Abyan, kusini mwa Yemen. Kwa Kiarabu majina haya mawili huandikwa kwa herufi zilezile, ndiyo maana programu za kutafsiri huyachanganya. Kabla ya kusambaza habari kama hiyo kwenye kundi la familia, angalia kama Abyan au Aden imetajwa karibu.