Maswali na Majibu: Volyumu za LVM Ndani ya Kontena

Swali: Nimeunda volyumu ya LVM (mfumo wa Linux wa kugawa diski kuwa volyumu) kwenye seva mwenyeji, lakini ndani ya kontena la LXC (mazingira yaliyotengwa ndani ya seva hiyo) faili la /dev/vg0/data halionekani. Nini kimeharibika?

Jibu: Hakuna kilichoharibika. Kontena lina /dev yake, na kwa kawaida udev (programu inayosimamia mafaili ya vifaa katika /dev) haiendeshwi humo, hivyo kilichotengenezwa nje hakijitokezi ndani chenyewe. Ukilazimika kukipitisha kifaa, unahitaji mistari miwili katika usanidi wa kontena: lxc.mount.entry ya kuliingiza faili, na lxc.cgroup2.devices.allow ya kuruhusu namba zake mbili za kifaa, mathalani b 253:4 rwm, ambazo utazisoma kwa ls -lL. Anayeandika wa kwanza akasahau wa pili ataliona faili vizuri, ila akilifungua atajibiwa "Operation not permitted". Lakini kwa nini kontena likabidhiwe diski yenyewe? Ipachike volyumu kwenye mwenyeji, kisha ulipe kontena saraka kwa bind, yaani saraka hiyo hiyo ionekane pia ndani yake. Na kama kontena lako halina mamlaka ya root ya mwenyeji, huna hiari: kerneli (kiini cha Linux) haitalikubalia kupachika mfumo wa mafaili kama ext4 hata kifaa kikiwepo.

Swali: Nimewasha seva upya, na kontena sasa linanyimwa ruhusa.

Jibu: Namba ya pili ya kifaa (minor) hutolewa kadiri volyumu zinavyoamshwa, kwa hiyo iliyokuwa 253:4 inaweza kuamka ikiwa 253:6. Kunyimwa ruhusa ni nafuu yako. Hatari ni kwamba ile 253:4 uliyoiruhusu huenda leo ni diski ya mteja mwingine, na kontena lako lina haki ya kuiandikia. Namba hudumishwa kwa lvchange yenye --persistent y na --minor, ingawa ungetumia saraka kwa bind usingefika huku.

Swali: lvcreate, amri ya kuunda volyumu, imeganda ndani ya kontena.

Jibu: Inaisubiri udev ambayo haipo. LVM ni kazi ya mwenyeji.

Swali: LVM haifanyi kazi, naomba msaada.

Jibu: Nimekwisha kuomba mara nyingi matokeo ya lvs na dmsetup info -c, amri zinazoorodhesha volyumu na vifaa vyake. Bila hayo sijibu.

Swali: lvremove, amri ya kufuta volyumu, inadai volyumu inatumika, ilhali nimeshaipachua.

Jibu: Umeipachua kwenye mwenyeji tu. Tafuta vg0-data katika /proc/*/mountinfo, nawe utaikuta kwenye mchakato wa kontena fulani lililorithi upachikaji huo lilipoanza. Lizime, kisha urudie amri. Kistari kilicho ndani ya jina lenyewe la volyumu huandikwa hapo mara mbili, basi usiseme halipo kabla ya kulitafuta hivyo. Usikimbilie dmsetup remove --force: volyumu ikiwa bado imeshikwa, jedwali lake hubadilishwa ili kila kusoma na kuandika kushindwe, na programu zilizo ndani zitaanguka zikiwa katikati ya kazi.