Muulize Mwalimu: Binti yangu anapita handakini kila siku

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Chikongola, Mtwara, nauza ming'oko na samaki wa kukaanga. Binti yangu mkubwa alipata ufadhili, na mwezi wa tisa akaenda kusoma Edinburgh, Uskochi. Juzi alinipigia kwa video huku anatembea. Tunaongea vizuri, mara nikaona giza, sura yake ikaganda, simu ikakatika. Nilikaa robo saa roho mkononi. Alipopiga tena akasema, "Mama, nilikuwa kwenye handaki la reli ya zamani, ndiyo njia yangu ya chuo." Handaki! Anasema treni haipiti tena, wanapita watu kwa miguu na baiskeli. Nimemwambia asipite tena, apande basi. Amenuna, anasema basi ni hela na mimi sielewi. Baba yake naye anasema nimwache mtoto. Mwalimu, wewe uliwahi kuandika humu kwamba umeishi huko. Handaki hilo likoje? Haliwezi kuwaangukia? Nimkataze au nimwache?

Mama wa watatu, Mtwara

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa ile robo saa. Mwanangu wa mwisho alikuwa akivuka kwa boti kwenda Kitunda kila asubuhi kufundisha, na kusi ikivuma nilisimama ufukweni hapa Lindi mpaka nione watu wanashuka ng'ambo. Kwa hiyo hofu yako naijua.

Nianze na lile unalolitaka haraka: usimkataze. Kaa naye kwenye simu mpange saa za kupita na saa za kutopita. Sababu nitakupa, maana handaki hilo nimelipita kwa miguu yangu mara nyingi sana nilipokuwa kwenye kozi ya walimu kule, mwaka 1994 na 1995.

Wenyeji wanaliita handaki la Innocent, yaani "asiye na hatia". Reli yake ilifunguliwa mwaka 1831 kuleta makaa ya mawe mjini kutoka machimbo ya upande wa Dalkeith, na mabehewa yalivutwa na farasi. Wakati kwingine watu wanaogopa treni za mvuke, hii ya farasi ilionekana ya upole, ndipo jina likashika. Ila ndani ya handaki farasi hawakuweza, kwa sababu njia inapanda mita 1 kwa kila mita 30. Pale juu, kituo cha St Leonard's, palifungwa mashine ya mvuke iliyovuta mabehewa kwa kamba. Ushike huo mwinuko, nitaurudia. Mizigo iliendelea kupita mpaka 1968, kisha reli zikang'olewa, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikawa njia ya waenda kwa miguu na baiskeli.

Kuanguka kusikusumbue. Kuta na paa ni mawe yaliyopangwa kwa upinde, na upinde kadiri unavyolemewa ndivyo mawe yanavyobanana. Karibu miaka 200 limesimama na nyumba za watu ziko juu. Hata hapa kwetu, reli ya TAZARA ina mahandaki 22, na wanaopanda SGR kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma wanapita mahandaki ya Kilosa huku wanatafuna korosho zetu.

Sasa twende ndani, maana najua ndiko roho yako iliko.

Urefu wake ni mita 518, kwa mwendo wa mtu asiye na haraka ni dakika 6 au 7. Hatua chache tu baada ya kuingia, baridi inakushika shingoni, baridi ya mtungi, na ile harufu ya jiwe lililolowa. Taa za umeme zimepangwa kwenye paa. Chini ya kila taa pana duara la manjano, na kati ya duara na duara pana sehemu ambapo unaona viatu vyako kwa shida. Maji yanadondoka mahali pamoja, tone, kimya, tone. Kitu kilichonitisha siku ya kwanza kilikuwa nyayo. Nilisikia mtu ananifuata. Nikisimama, anasimama. Nikienda, anakuja. Nilitembea hivyo nusu ya handaki, nimekumbatia mkoba, mpaka nilipopiga kofi moja na kofi likanirudia. Zilikuwa nyayo zangu mwenyewe. Mwambie binti yako apige kofi siku ya kwanza akisikia hivyo.

Na kuna hili la macho. Mboni hutanuka mara moja ukiingia gizani, lakini jicho kuzoea giza sawasawa huchukua kama nusu saa. Mwanao anakuwa ameshatoka kabla macho yake hayajatulia. Ndiyo maana aliyepo ndani, ukimtazama ukiwa umetoka juani, ni kivuli tu, huku yeye analiona umbo lako waziwazi kwa kuwa una mwanga nyuma yako. Asimame mlangoni hatua mbili ndani, ahesabu taratibu mpaka thelathini, ndipo aende. Si dawa kamili, lakini inasaidia, nami nilifanya hivyo kila siku.

Narudi kwenye ule mwinuko. Anayetoka St Leonard's anateremka, na anayeteremka kwa baiskeli hahitaji kukanyaga pedeli. Anakuja kimya kama mwewe. Jioni moja nilikuwa napanda, nimeinamisha kichwa, nimevaa koti jeusi, nawaza barua ya nyumbani. Kijana mmoja alinikosa kwa upana wa kiganja. Upepo wake ulinigusa shavuni, kengele nikaisikia ameshapita. Nilishika ukuta nikakaa hivyo mpaka miguu ilipoacha kutetemeka, na kiganja kikatoka na majimaji meusi ya ule ukuta. Tangu siku hiyo, hatari ya kila siku ya mahali pale kwangu ni baiskeli. Basi binti atembee upande mmoja tu, karibu na ukuta, avae kitu cheupe au fulana ile inayong'aa ya boda boda wetu, na aondoe hedifoni masikioni. Hapo usimlegezee. Kengele ndiyo onyo pekee atakalopewa.

Sasa saa. Watu wengi wa kwetu wanadhani hatari ya handaki ni giza. Desemba Edinburgh jua linazama kabla ya saa kumi jioni na kuchomoza karibu saa tatu asubuhi. Akitoka darasani saa kumi na moja, nje ni usiku, na ndani ya handaki kuna taa. Giza litamfuata popote. Tabu ya handaki ni kwamba lina midomo miwili na halina mlango wa ubavuni. Barabarani ukimshuku mtu unavuka, unaingia dukani, unabisha kwa watu. Mle ni mbele au nyuma. Kwa hiyo cha kuuliza ni kama watu wapo. Asubuhi wanafunzi na wafanyakazi wanapita kwa wingi, na saa za kutoka kazini vilevile. Saa hizo apite, atembee, aokoe nauli yake. Usiku, watu wakishaadimika, apande basi, na hiyo nauli ya siku chache kwa wiki naomba wewe na baba yake muichangie hata kama korosho mwaka huu hazikulipa. Na asubuhi yenyewe, kama akitazama ndani akaona mtu amesimama tu, haendi wala harudi, ageuze. Kuchelewa darasani hakuna aibu.

Ile simu iliyokatika nayo ina maelezo. Mawimbi ya mtandao hayapenyi vizuri kwenye mwamba. Kwa hiyo asikupigie akiwa anaingia. Akutumie ujumbe akifika mdomoni, na mwingine akitoka. Dakika 10 zikipita kimya, mpigie. Namba ya dharura huko ni 999, aiweke kichwani, lakini ajue kwamba mle ndani huenda isipatikane.

Na umwombe msamaha kidogo, mdogo wangu. Alikupigia video ili akuonyeshe njia yake. Mwambie akuelezee: taa ziko ngapi, maji yanadondoka wapi, anakutana na nani. Ukishalijua handaki kwa mdomo wake, hutalala ukiliota.

SWALI

Shikamoo Bibi Mwalimu. Mimi ni kijana wa Kata ya Reli, Mtwara mjini. Kata inaitwa Reli lakini treni sijawahi kuiona. Hiyo reli ilikwenda wapi? Na nimesikia Ulaya reli zikifa wanazigeuza njia za kutembea. Sisi hatuwezi?

Kijana wa Reli

JIBU

Marahaba mjukuu wangu. Reli yenu ililetwa na karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, na kwa ajili ya Nachingwea ikajengwa reli, kwanza kutokea Mkwaya kwenye mkono wa bahari hapa Lindi, baadaye kutokea Mtwara, ambako gati la maji marefu lilifunguliwa mwaka 1954. Karanga zilikuwa zimeshashindikana, mradi ukaachwa mwaka 1951. Gati likabaki na linatufaa mpaka leo. Reli ilikosa mzigo, ikafungwa mwaka 1962, vyuma vikang'olewa.

Nilizaliwa karibu na Mkwaya. Nilipoanza shule, reli zilikuwa zimeshaondoka, limebaki tuta, na tuta ndilo lilikuwa barabara yetu. Kokoto zilikuwa bado zipo, zinauma nyayo, na hapa na pale tulikuta misumari mikubwa ya mataruma tukaichezea. Masika, bonde likijaa maji, tulipita juu na viatu vyetu vikavu, wale waliokuwa na viatu. Chini ya tuta palikuwa na kalavati la zege, wastani wa urefu wa mtu mzima, na kaka yangu alinilazimisha kulipita. Lilikuwa na popo. Aliniambia nipige mluzi ili wanisikie nakuja. Nilikuwa sijui kupiga mluzi, nikaimba jedwali la mara mbili mpaka nikatoka upande wa pili. Hayo ndiyo mafunzo niliyokwenda nayo Edinburgh.

Kuhusu kugeuza njia, inawezekana, na sababu ni rahisi. Mhandisi wa reli anaogopa mlima mkali, kwa hiyo anakata, anajaza, anatoboa mpaka njia inyooke. Kazi hiyo ngumu ikishafanyika, anayekuja baadaye na miguu au baiskeli anaikuta tayari. Mji wa Bath, Uingereza, una handaki la Combe Down, mita 1,672. Reli yake ilifungwa mwaka 1966, likakaa gizani miaka mingi, na mwaka 2013 likafunguliwa kwa watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Waliweza kwa sababu ule mkanda wa ardhi ulikuwa bado upo. Mkishagawana tuta viwanja, kila mtu kipande chake, hata handaki la dhahabu halitasaidia.

Kwa hiyo anzia hapohapo mtaani kwako. Chukua wazee wawili wanaokumbuka, mtoke nao asubuhi kabla ya jua kali, muifuate njia kutoka bandarini mpaka pale itakapowapotea, na uandike kila mahali palipo na tuta, kalavati au daraja. Ukiwa na daftari hilo, nenda nalo ofisi ya kata, uulize nani ana hati ya ardhi hiyo. Nami nitakuja Mtwara tulisome pamoja ukiniita.

Na siku ukifika Mkwaya, ulizia kalavati la chini ya tuta. Niandikie kama popo bado wapo.