Kansa ya ulimi inaweza kufika kwenye ubongo?

SWALI: Shikamoo dokta. Baba yangu alifanyiwa operesheni ya kansa ya ulimi mwaka jana akapigwa na mionzi, kidonda kikapona vizuri tukajua yameisha. Sasa hii wiki ya tatu anaamka kichwa kinamgonga balaa, akitapika kinapoa kidogo, na jana asubuhi kashindwa kufunga vifungo vya shati, mkono wa kulia umelegea tu. Ndugu wanasema presha. Inawezekana ile kansa imepanda kichwani?

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana. Inawezekana, ila ni nadra mno. Kansa ya mdomo ikisambaa mara nyingi inaanzia kwenye tezi za shingo, ikienda mbali zaidi ni mapafu, kisha mifupa na ini. Kwenye ubongo inafika kwa damu, au inatambaa taratibu kufuata mshipa wa fahamu wa uso hadi ndani ya fuvu, ndio maana mgonjwa wa hivi akisema kidevu au shavu limekufa ganzi mimi huwa sipuuzi.

Kilichonishtua kwako ni hivyo vifungo. Mkono wa kulia unaongozwa na upande wa kushoto wa ubongo, kwa hiyo kuna kitu kinaugusa, na hata kama sio kansa inaweza kuwa kiharusi, kwa hiyo msisubiri kliniki ya mwezi ujao, mpelekeni hospitali leo hii kitengo cha dharura na mkifika tu semeni aliwahi kuwa na kansa ya ulimi, maana kidonda kimepona na hakuna atakayejua asipoambiwa. Wanaweza kuanza na CT scan (picha ya kichwa ya eksirei), lakini uvimbe mdogo unaonekana vizuri zaidi kwenye MRI (picha ya sumaku) ya kuchomwa dawa ya kung'arisha picha.

Ikithibitika ni kansa, sikufichi, kuimaliza kabisa ni vigumu. Lakini dawa inayoitwa deksamethasoni inapunguza maji yaliyojaa kuzunguka uvimbe na kichwa kinaweza kupoa ndani ya siku chache (akianza asiikatishe ghafla bila daktari), na uvimbe ukiwa mmoja unaweza kutolewa au kupigwa mionzi ya kulenga hapo hapo.

Mkiwa njiani akianza kutetemeka kama mwenye kifafa mlazeni ubavu, msimkandamize, na msimtie kijiko wala kidole mdomoni.