Kukataliwa pensheni hakumaanishi mzee alidanganya

Mkuu umesema kwenye makaratasi ya wakwe zako mmekuta barua ya 1892, babu yao aliyepigana upande wa Kaskazini kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani aliomba pensheni akakataliwa, na sasa familia inajiuliza kama kweli alikuwa askari au alijipachika tu. Naomba nikujibu kwa urefu maana hili limenipitia, mke wangu ni Mmarekani mweusi na ni kilembwe wa mtu kama huyo, na faili lake tumekaa nalo karibu mwaka mzima.

Mzee wetu alizaliwa mtumwa akatoroka shambani akajiunga na jeshi mwanzoni mwa 1864, wakati huo askari mweusi analipwa dola 10 kwa mwezi na humo zinakatwa 3 za nguo, mwenzake mzungu anachukua 13, mpaka Juni mwaka huohuo ndo Bunge likasawazisha. Goti lake lilipondwa na gari la mizigo huko kambini. Sasa sheria ya pensheni ya 1862 ilitaka uthibitishe kwamba kilema umekipata ukiwa kazini, ulete daktari, ulete ofisa wako, na kwenye rekodi za hospitali ya kambi goti lake hakuna aliyeliandika. Hakuomba kabisa. Ilipokuja sheria ya Juni 1890 ndo mlango ukafunguka, ilitosha uwe umetumikia siku 90, umeachishwa kwa heshima na sasa huwezi kazi ya mikono, hata kama ugonjwa hautokani na vita ilimradi hukujiletea kwa tabia mbaya, unapata kati ya dola 6 na 12 kwa mwezi. Akaomba kwa goti, baridi yabisi na ngiri. Akakataliwa.

Na sababu ilikuwa jina! Jeshini karani alimwandika kwa ukoo wa bwana aliyemmiliki, alipokuwa huru akachukua ukoo wa baba yake, kwa hiyo anayeomba na aliyeko kwenye orodha ya kikosi wakaonekana watu wawili. Hili liliwakuta wengi sana kati ya wale weusi kama 179,000 wa jeshi la Kaskazini, hata Harriet Tubman, yule mama mweusi maarufu aliyetorosha watumwa, alipoomba pensheni ya ujane ilibidi athibitishe kwamba mumewe Nelson Davis ndiye yuleyule aliyeandikishwa jeshini kama Nelson Charles. Mtu kanyimwa kusoma, kanyimwa cheti cha kuzaliwa, ndoa yake haikutambuliwa na sheria, halafu uzeeni anaambiwa lete karatasi. Mi hapo huwa nashindwa kuendelea kusoma.

Baadaye ofisi ya pensheni ilituma mkaguzi maalumu akae na wazee wenzake awahoji mmojammoja chini ya kiapo, na hizo hati za kiapo ndo utajiri wenyewe mkuu. Mmoja anasema tulilala hema moja, mwingine anakumbuka siku goti lilipopondwa na nani alimbeba. Binti wa yule bwana wa zamani naye alihojiwa akathibitisha, na inaniuma kwamba mbele ya wakubwa neno lake moja lilionekana zito kuliko ya wanajeshi watatu. Mzee mwenyewe kaweka alama ya X mbele ya mashahidi wawili, na humo kamtaja mama yake kwa jina, jina ambalo kwenye familia hakuna aliyekuwa analijua, nilipomsomea mama mkwe akaniomba nirudie, nikarudia, akalia.

Akapewa dola 8. Mwaka 1907 sheria ikaanza kulipa kwa umri, miaka 62 dola 12, 70 dola 15, 75 dola 20, yeye akasema keshapita 70 lakini ofisi ikashika umri ambao karani alimkadiria kwa macho siku anajiandikisha, yani miaka 20, hivyo akaishia kwenye dola 12.

Kwa hiyo msiishie kwenye hiyo barua moja. Agizeni faili zima kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa kule Washington, na mtafute kwa majina yote mawili kama yapo, pia kwa jina la mjane wake maana maombi ya mjane huwa yanaunganishwa humohumo. Kabla hata ya kuagiza angalieni kadi ya faharasa ya pensheni, ina namba ya maombi na pembeni namba ya cheti. Waliokataliwa mpaka mwisho wana ya maombi peke yake. Mkikuta na ya cheti kwenye mstari wa mzee mwenyewe, si wa mjane, basi baada ya ile barua ya 1892 mzee alirudi tena ofisini na akalipwa.