Unataka kupanda Haleakalā kwa baiskeli? Soma hapa kwanza

Kijana mmoja wa Tanga anayeishi Texas kaniandikia wiki hii: "Kaka, mwezi ujao nakwenda Maui na mke wangu. Nimeona picha zako ukiwa juu ya mawingu. Nipe mbinu za kupanda ule mlima, usinifiche kitu." Nimeshamjibu, lakini najua mko wengi mnaoitamani ile barabara ya Haleakalā, mlima wa kisiwa cha Maui kule Hawaii, kwa hiyo acha niyaweke hapa.

Unaanzia Paia, mji mdogo wa pwani wenye wapanda mawimbi na joto la kutosha, unamalizia mita 3,055 juu ya usawa wa bahari. Ni kilomita 58 hivi, na karibu zote ni kupanda tu. Mwinuko wa wastani ni kama asilimia 5, ndiyo maana watu wanaudharau. Kwa sisi tuliowahi kusukuma baiskeli kutoka Mombo, ni kama Lushoto tatu zimepandishwa moja juu ya nyingine.

Mbinu ya kwanza: anza polepole. Mpaka Makawao, mji mdogo wa njiani, utajiona bingwa, miguu myepesi, pikipiki zinakupigia honi. Usidanganyike.

Mimi nilikuwa na sababu ya kuwa na haraka. Mwenye duka nililokodi baiskeli aliponiuliza naelekea wapi, alicheka. Akanitolea picha za magari yanayowapandisha watalii ili washuke kwa baiskeli, akasema mimi hiyo ndiyo ingenifaa. (Hata hizo safari za biashara haziruhusiwi tena kuanzia ndani ya hifadhi ya taifa ya mlima huo tangu 2007, baada ya watu kufa.) Nyuma yangu alisimama jamaa mwenye kitambi cha heshima, naye anapanda kileleni. Huyo hakuchekwa, alitafutiwa kofia. Sitaki kusema ni kwa nini, mnajua wenyewe. Mpaka leo linaniuma.

Baada ya Makawao kuna eneo linaloitwa Kula, ni pazuri: ng'ombe, mikaratusi, mijakaranda, upepo wenye harufu ya majani. Jaza tumbo huko, kwa sababu ndani ya hifadhi hakiuzwi chakula. Ukishaingia barabara ya kileleni ni kona juu ya kona, na kipande hicho sina la kuwasimulia. Kanyaga.

Halafu linakuja wingu. Hapo ndipo nilipomwelewa huyu mlima. Joto linapungua karibu nyuzi 2 kila unapopanda mita 300, nami nilikuwa nimelowa jasho tangu Makawao. Shati liligandamana na mgongo kama limetoka kwenye ndoo, vidole vikafa ganzi, ikabidi nibadilishe gia kwa kiganja. Kwenye ofisi ya hifadhi, kama mita 2,100 hivi, kuna maji. Jaza chupa zote, vaa koti, na uwe na kadi ya benki, maana hata mwenye baiskeli analipa kiingilio.

Ukitoboa wingu ni jua kali na hewa nyembamba. Kule juu kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa karibu theluthi moja. Watu waliojifunika mablanketi ya hoteli walinipigia makofi kutoka kwenye magari, nami, niseme kweli, nilikaza kidogo ili wanione vizuri. Kipande cha mwisho, kutoka kituo cha wageni hadi kileleni, ni kifupi lakini kimesimama. Nilikimaliza sijashusha mguu. Yule mwenye duka nilimwonyesha picha. Akaitazama, akaniuliza kama breki ziko sawa.

Vijana wangu, tatizo letu ni kutaka picha bila kutaka kilomita. Mtu hajawahi kupanda saa mbili mfululizo, anaulizia baiskeli ya kaboni. Kaboni haitakupandisha. Tafuta baiskeli yenye gia nyepesi kuliko unayodhani unahitaji, ondoka alfajiri kabla upepo wa baharini haujachachamaa, kula kabla njaa haijauma, na uanze polepole. Nimesharudia, najua. Ukimpita mtu Makawao, jiandae kupitwa naye juu.

Na wewe wa Texas, mkeo apande na gari, akubebee koti zito na glavu za kushukia. Kushuka ndiko kunakoua: mikono imeganda, kona kali, ng'ombe wanaweza kuwa barabarani. Breki zishike na kuziachia, usizikamate moja kwa moja. Akitaka kuona jua likichomoza, gari linaloingia kati ya saa 9 usiku na saa 1 asubuhi lazima liwekewe nafasi mapema kwenye tovuti ya Recreation.gov. Mwambie aiweke leo, zinaisha haraka.