Kuandika habari za kwenu: tumtazame Mirta Ojito

Wiki hii mmeuliza: "Mwandishi wa habari anayeandika juu ya watu wa kwao, aaminike?"

Aaminike, mradi ajihakiki yeye mwenyewe kwa ukali uleule anaowahakiki wengine. Mfano ninaouona unafaa ni Mirta Ojito, mzaliwa wa Havana, 1964. Aliingia gazeti la Miami Herald mwaka 1987, akawa gazeti la New York Times kuanzia 1996 hadi 2002, baadaye akafundisha uandishi wa habari Chuo Kikuu cha Columbia. Mei 1980, akiwa na miaka 16, yeye na wazazi na dada yake walivuka hadi Key West, Florida, kwa mashua iitwayo Mañana. Ni lile wimbi la wahamiaji waliopitia bandari ya Mariel, lililotoa Cuba watu wapatao 125,000 kati ya Aprili na Oktoba mwaka huo.

Sasa, kijana wa miaka 16 hukumbuka alichokiona: foleni, nyuso, joto. Nani alitoa amri, mashua ni ya nani, bandari ilifunguliwa kwa nini, hayo hayakumbuki kwa sababu hakuyajua tangu mwanzo. Kwa hiyo Ojito alipoandika kitabu cha safari ile, kilichotoka 2005, hakukisimamisha juu ya kumbukumbu zake tu. Alimsaka nahodha wa Mañana hadi akampata. Alimfikia pia yule mtu aliyeliingiza basi kwa nguvu katika ubalozi wa Peru mjini Havana tarehe 1 Aprili 1980. Kisa hicho ndicho kilichowafanya watu zaidi ya 10,000 wajazane humo ndani ya siku chache, na Mariel ikafuata.

Anayetaka kuifanya kazi ya namna hiyo aanze kwa kuandika anachokumbuka kabla hajazungumza na mtu yeyote, na aweke tarehe. Akishafanya mahojiano ya kwanza, hataweza tena kutenganisha lake na la mwenzake. Kisha avunjevunje maandishi yale: siku, saa, mahali, jina, idadi. Kila kipande kitafutiwe hati, au shahidi ambaye hakukaa naye nyumba moja. Ndugu wawili si mashahidi wawili. Wamesimuliana kisa hicho sebuleni miaka na miaka hadi makosa yao yamefanana.

Mtego mkubwa zaidi, nadhani, ni ule wa "si unajua mwenyewe". Msemaji akijua umetoka alikotoka, hafafanui. Anasema "wewe si unajua ilivyokuwa", unatikisa kichwa, mnacheka, na ukirudi ofisini daftari ni tupu. Dawa yake ni kuomba waziwazi: nieleze kama unamweleza mgeni. Mlikaa wangapi? Mlikula nini? Nani alibisha hodi, na alisema maneno gani hasa? Mara ya kwanza utaonekana mjinga mbele ya mtu wa rika la mama yako. Vumilia.

Halafu kuna lugha. Mahojiano yanafanyika kwa Kihispania, gazeti linatoka kwa Kiingereza. Mwaka 1980 serikali ya Cuba iliwaita waliokuwa wakiondoka "escoria". Wengi hutafsiri "takataka" wakapita, lakini neno lenyewe ni lile gamba linaloachwa chuma kikiyeyushwa. Kiswahili kwa bahati kinalo neno lake kamili, mavi ya chuma, na uchungu wake ni uleule. Mwandishi anayetafsiri kichwani huku akiandika hupoteza vitu kama hivyo, na mwishowe watu wake wote wanazungumza kama tahariri. Rekodi, nakili kwa lugha ya asili, tafsiri tu sentensi utakazochapisha, na umpe mtu wa pili anayejua lugha zote mbili asome. Maneno ya asili yabaki pembeni mwa tafsiri hadi mhariri amalize maswali yake.

Kazi ya Ojito inayojulikana zaidi ni ya Juni 2000, katika mfululizo wa New York Times kuhusu rangi nchini Marekani, uliolipatia gazeti tuzo ya Pulitzer ya 2001. Alichukua vijana wawili wa Kicuba waliokuwa marafiki tangu Havana, mmoja mweusi, mmoja mweupe, na kuonyesha jinsi Miami ilivyowatenga. Utengano huo ameuonyesha kwa mambo madogo: kila mmoja anaishi mtaa gani, anazunguka na nani, nani anasimamishwa na polisi akitoka mgahawani. Tena Wacuba weupe hakuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa, ingawa ni wa kwao na yeye mwenyewe ni mweupe.

Kitabu chake cha 2013 kinahusu Marcelo Lucero, mhamiaji kutoka Ecuador aliyeuawa Patchogue, mji wa Long Island, jimbo la New York, Novemba 2008. Humo hakuishia kwa marehemu na jamaa zake. Ameuandika pia mji wenyewe na wale vijana saba walioshtakiwa. (Mwandishi Mzungu akiandika juu ya Wazungu wa Long Island, sijasikia mtu akimuuliza kama ana upendeleo. Lakini hilo labda liwe swali la wiki ijayo.)

Je, msomaji aambiwe kwamba mwandishi ni mwenyeji wa jambo? Kama alikuwemo katika tukio, ndiyo, kwa sentensi moja, mapema, si aya nzima ya kujieleza. Kama anatoka tu nchi moja na wahusika, hakuna haja. Na kama mhusika ni ndugu yake, rafiki yake, au mtu anayemdai pesa, habari hiyo aikabidhi kwa mwenzake wa dawati jirani kabla hajapiga simu ya kwanza, maana akishapiga tayari amejiingiza.